Muvi ni Ile Ile, Umri Ndio Hubadilika

Wasee, tuanze na muvi ambayo pengine hujawahi kuiskia, ilhali sehemu yake ilipigwa hapa kwetu. Inaitwa Mogambo. Ilitoka 1953, mwelekezi akiwa John Ford, na waigizaji ni Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly, majina makubwa kabisa ya Hollywood ya siku hizo. Kampuni ya MGM ilileta kamera zake Afrika Mashariki, na kati ya mahali walipiga picha ni upande wa Thika, kwenye maporomoko ya Fourteen Falls. Kama ushawahi kwenda pale na mbogi yako Jumapili kupiga selfi, umesimama mahali Hollywood ilisimama.

Hadithi yenyewe si ngumu. Kuna mwindaji mzungu, kuna mwanamke mchangamfu anayemtaka, halafu kuna mke wa mtu anayeanza kumpenda mwindaji huyo huyo na mumewe yuko pale pale kambini. Kwa macho ya leo ni mabusu na watu kutazamana kwa kuibia. Lakini ilipofika Uhispania, enzi za Jenerali Franco, wakaguzi wa serikali walishtuka. Mke wa mtu kutoka nje ya ndoa? Haiwezekani. Kwa hivyo wakati wa kuweka sauti za Kihispania, walibadilisha maneno: mume na mke wakageuzwa kuwa kaka na dada. Shida ni kwamba picha zilibaki vile zilivyokuwa. Watazamaji wakabaki wakishangaa kaka na dada gani hawa wanaishi pamoja kama watu wameoana. Hao ndio wanaitwa watu walioruka mkojo wakakanyaga mavi.

Nimeanza na hiyo kwa sababu inaonyesha kitu ambacho wengi wetu hatukifikirii tukiona ile alama kabla muvi ianze. Tunadhani muvi ya 18 ni ya 18 vile maji ni maji. Si kweli. Muvi inaweza kaa miaka 50 bila kuguswa hata sekunde moja, na umri wa kuitazama ukapanda, ukashuka, ukafutwa kabisa. Kinachobadilika ni wale watu wanaoweka alama, na kile wanachokiogopa.

Mimi chuo niliacha njiani, kwa hivyo usitarajie somo la kutoa usingizi. Lakini hii historia inatuhusu kuliko vile unafikiria, kwa sababu huku kwetu swali la kwanza halikuwa "una miaka mingapi?" Swali la kwanza lilikuwa "wewe ni rangi gani?"

1912

Kuna mwaka mmoja wa kukumbuka: 1912. Mwaka huo, kule Uingereza, watu wa biashara ya filamu walianzisha bodi yao ya ukaguzi, BBFC. Ilianza na alama mbili tu. U ilimaanisha kila mtu anaruhusiwa, A ilimaanisha filamu inafaa zaidi watu wazima. Mwaka huo huo, huku kwetu ambako bado kuliitwa Himaya ya Afrika Mashariki, serikali ya kikoloni ilitunga sheria yake ya kwanza ya kusimamia michezo ya jukwaani na maonyesho ya sinema. Sinema zenyewe zilikuwa changa, lakini woga ulikuwa umeshafika.

Sasa angalia tofauti. Kule Uingereza walikuwa wakimfikiria mtoto. Huku walikuwa wakikufikiria wewe, yaani guka wako. Katika makoloni ya Waingereza barani Afrika, Kenya ikiwemo, filamu zilipimwa pia kwa rangi ya mtazamaji. Filamu moja ingeweza kuruhusiwa kwa Wazungu na kukatazwa kwa Waafrika. Mara nyingi Mwafrika aliwekwa kundi moja na watoto: hawa wawili wasiingie.

Fikiria mzee wa miaka 45 wa enzi hizo. Anafanya kazi kwenye mashamba ya kahawa ya Ruiru au mkonge wa Thika. Ana mke, ana watoto, wengine washaoa. Analipa kodi. Ametembea na kipande kikining'inia shingoni. Labda hata alichukuliwa King's African Rifles akapelekwa kupigana na Wajapani kule Burma mwaka 1944. Serikali ilimwona ni mkubwa vya kutosha kubeba bunduki na kufa. Lakini kwenye mlango wa sinema, huyu mzee alikuwa mtoto.

Waliogopa nini? Si damu, na si matusi. Waliogopa Mwafrika amwone mwanamke wa kizungu akibusiana. Waliogopa amwone mzungu akiwa mwizi, akiwa mlevi, akipigwa ngumi akaanguka. Ukoloni ulisimama juu ya imani moja, kwamba mzungu ni mtu wa kuheshimiwa kila saa. Muvi moja ya Hollywood ingeharibu kazi ya miaka mingi kwa saa moja na nusu, kwa sababu Hollywood ilikuwa imejaa wazungu wajinga, wazungu wezi na wazungu wa kuchekesha.

Badala yake wakatutengenezea zetu. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi kule Tanganyika, makao yake Vugiri kwenye milima ya Usambara, wa kupiga filamu za mafunzo kwa Waafrika. Halafu 1939 serikali ya Uingereza ikaanzisha kitengo kizima cha filamu za makoloni. Mkuu wake, William Sellers, aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu ya kawaida. Kwa hivyo filamu zetu zilifaa ziende polepole, picha iwe rahisi, somo liwe moja: choo, usafi, kilimo, uaminifu.

Kwa hivyo mtu akikuambia alama za umri zililetwa Kenya kulinda maadili ya Mwafrika, mpe maji anywe kwanza. Zilikuja kulinda heshima ya mzungu.

Uhuru ulikuja, mkasi ukabaki

Mogambo ilipokuwa ikipigwa, nchi ilikuwa kwenye Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Kamera za Hollywood zikitafuta simba, askari walikuwa wakitafuta Mau Mau. Miaka kumi baadaye mkoloni alikuwa anafunga virago, lakini kabla atoke alituachia zawadi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ilipitishwa 1962 na ikaanza kutumika 1963, mwaka wenyewe wa Uhuru. Bodi ya kukagua filamu ilizaliwa hapo. Na ndiyo hiyo hiyo, ikiwa imebadilisha jina, tunaiita leo Bodi ya Kuainisha Filamu, KFCB.

Ubaguzi wa rangi uliondoka, na hilo si jambo dogo. Lakini wazo la msingi lilibaki: kuna mtu ofisini anayejua kile ambacho mtu mzima anaweza kuvumilia. Sheria ilimpa nafasi ya kukataa filamu ikiwa inatishia utulivu wa umma, ikiwa inaudhi maadili, au ikiwa kwa sababu nyingine yoyote haifai kwa maslahi ya umma. Hebu rudia hapo: kwa sababu nyingine yoyote. Hilo ni shimo ambalo hata lori la mawe la kutoka Juja lingepita bila kugusa kingo.

Na usifikiri ni filamu tu. Sheria hiyo jina lake lina jukwaa pia, na upande wa jukwaa tuliona mambo hapa hapa Kiambu. Mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, Limuru, waliigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Watu walijaa. Novemba mwaka huo kibali kikafutwa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ akakamatwa, akafungwa bila kesi karibu mwaka mzima katika Gereza la Kamiti, ambalo si mbali na Ruiru. Watazamaji wa Kamiriithu hawakuwa watoto. Walikuwa wazazi na wazee waliojionea maisha yao wenyewe jukwaani, na serikali huru ikaamua kwamba hawajafikisha umri wa kujitazama.

Zile zilizoshuka

Sasa tutoke nje kidogo, tuone jinsi muvi za zamani zilivyohamishwa umri. Utaona kwamba si Kenya pekee yenye woga, na woga haudumu.

Battleship Potemkin ni filamu ya Kirusi ya 1925, haina sauti, inahusu mabaharia waliogoma 1905 baada ya kulishwa nyama iliyooza. Uingereza iliipiga marufuku 1926. Kwa nini? Mwaka huo huo nchi nzima ilikuwa na mgomo mkubwa wa wafanyakazi, na wenye nchi hawakutaka mtu apate mawazo. Ilikaa kizuizini hadi 1954, ikaruhusiwa kwa alama ya X, yaani watu wazima tu. Leo kule Uingereza ni PG. Mtoto anaitazama na mzazi wake. Nyama ni ile ile, mabaharia ni wale wale.

Midnight Cowboy ya 1969 ilipata X Marekani, alama ambayo ilimaanisha mtoto asikanyage. Mwaka uliofuata ikashinda Oscar ya filamu bora. Hapo wakuu wakakuna kichwa: filamu bora ya nchi nzima iko kundi moja na ponografia? Mwaka 1971 ikashushwa hadi R, alama inayomruhusu aliye chini ya miaka 17 kuingia akiwa na mtu mzima. Walikata nini? Hawakukata hata sekunde moja.

Hata alama zenyewe hazikai. X ya Uingereza ilipoanzishwa 1951 ilimaanisha miaka 16. Mwaka 1970 wakaipandisha ikawa 18. Kwa hivyo kijana wa miaka 17 angeweza kuingia muvi ya X mwaka 1969, kisha herufi ile ile imfungie mlango mwaka uliofuata. Na 1982 X ikaachwa kabisa, zikaja 15 na 18.

Halafu kuna hii ya Bruce Lee. Kila mtu aliyekulia Makongeni, Kiandutu au Githurai anajua kibanda cha video, viti vya mbao, na sauti ya DJ Afro akikuelezea nani anaenda kumpiga nani. Enter the Dragon ya 1973 ni kama muvi ya darasa la kwanza huko. Sasa Uingereza, mkuu wa bodi yao enzi hizo, James Ferman, aliogopa sana nunchaku, vile vijiti viwili vya mnyororo. Aliona vijana wa mitaani wataziiga. Mwaka 1979 akazifanya zikatwe kwenye Enter the Dragon. Woga huo ukaendelea hadi Teenage Mutant Ninja Turtles ya pili, 1991, ambapo Michelangelo anazungusha soseji kama nunchaku. Soseji, wasee. Zikakatwa pia. Bruce Lee alirudishiwa vijiti vyake kule Uingereza 2001. Huku kwetu watoto wa kibanda walikuwa wamemwona navyo miaka yote hiyo, na walichofanya ni kufunga vijiti viwili kwa kamba na kujigonga wenyewe kisogoni.

Na zile zilizopanda

Hapa ndipo wazazi wetu wanapotuangusha kwenye mjadala. Wanasema dunia inaoza, kila mwaka mambo yanalegezwa, zamani filamu zilikuwa safi. Ukisoma historia unakuta hapana, mambo hupanda na kushuka.

Ile Mogambo yenyewe ilikuwa marudio ya filamu ya 1932 inayoitwa Red Dust, na Clark Gable aliigiza zote mbili. Ya 1932 ndiyo ilikuwa na ujasiri zaidi. Ilitoka kabla Hollywood ianze kukaza sheria zake za maadili mwaka 1934. Kwa hivyo shosh wa Marekani aliona mambo mazito ujanani mwake kuliko binti yake miaka 21 baadaye. Sheria hizo zilitawala hadi 1968, ndipo zikaja alama za umri.

Mwaka 1984 Indiana Jones and the Temple of Doom ilitoka na PG Marekani, na ndani yake kuna mtu anang'olewa moyo kifuani kwa mkono. Wazazi walipiga kelele, na mwelekezi mwenyewe, Steven Spielberg, akapendekeza iwekwe alama ya katikati. Ndiyo ikazaliwa PG-13 mwaka huo huo. Jaws, ile ya papa, iliingia Uingereza 1975 ikiwa na A, alama iliyomwachia mtoto mlango wazi. Mwaka 2012 ikapandishwa hadi 12A. Watership Down ya 1978, katuni ya sungura iliyowaliza watoto wa kizazi kizima, ilikuwa U zaidi ya miaka 40, ikapandishwa hadi PG mwaka 2022.

Ile iliyonigusa zaidi ni Mary Poppins. Filamu ya 1964, yaya anaruka na mwavuli, nyimbo tele, U tangu enzi hizo. Februari 2024 BBFC ikaipandisha hadi PG. Sababu ni neno moja, "Hottentots", jina la dharau ambalo wakoloni waliwaita Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika. Mzee mmoja kwenye filamu analitumia kuwaita wasafisha dohani waliochafuka masizi usoni.

Watu wengi walicheka, wakasema sasa mambo yamezidi. Mimi sikucheka. Miaka 60 hakuna mtu Uingereza aliyeona tatizo, kwa sababu mtoto waliyemfikiria wakati wa kuweka U hakuwa mtoto mweusi. Hawakuifungia filamu. Hawakukata neno. Waliongeza tu alama ya kumwambia mzazi: kuna kitu hapa, kaa karibu umweleze. Hiyo ndiyo kazi ya alama ya umri ikifanywa vizuri.

Saba saba, kisha turudi utotoni

Sasa rudi Kenya ya leo. Alama zetu ni GE kwa kila mtu, PG mzazi aelekeze, 16, na 18. Kimpango ni sawa na za wenzetu. Tofauti iko juu ya 18. Kwetu kuna ghorofa nyingine juu ya hiyo: marufuku.

Chukua Fifty Shades of Grey, 2015. Ufaransa walisema 12. Marekani R. Uingereza 18. Kenya tukapiga marufuku. Filamu moja, mwaka mmoja, nchi nne, majibu manne. Mwaka mmoja kabla, Januari 2014, ilikuwa The Wolf of Wall Street, nayo ikafungiwa. Je, tuliacha kuiona? Uliza mtu yeyote aliyekuwa na duka la muvi karibu na steji ya Thika au Ruiru mwaka huo. Marufuku ilikuwa tangazo la bure. Tena kwenye sidii ya kuchoma hakuna alama ya umri, kwa hivyo mtoto wa darasa la sita aliiona rahisi kuliko vile angeiona kama ingewekwa 18 ukumbini, mlangoni kukiwa na mtu wa kuuliza kitambulisho.

Halafu 2018 ikaja Rafiki, ya Wanuri Kahiu, hadithi ya wasichana wawili wanaopendana Nairobi. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi kuonyeshwa Cannes. Kabla iende huko, Aprili, KFCB ikaipiga marufuku nyumbani. Kahiu alieleza kwamba shida kubwa ilikuwa mwisho: bodi ilitaka abadilishe, kwa sababu ulikuwa na matumaini. Akakataa, akaenda kortini. Tarehe 21 Septemba 2018 Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku kwa siku saba, watu wazima pekee waruhusiwe. Foleni zikajaa, tiketi zikaisha. Siku saba zikaisha pia, marufuku ikarudi, na 2020 Mahakama Kuu ikaunga mkono uamuzi wa bodi.

Najua baadhi yenu hamkubaliani na hadithi ya Rafiki, na hiyo ni haki yenu. Muvi usiyoitaka huiingii. Mimi naongea juu ya hesabu. Kwa siku saba Mkenya wa miaka 35 alikuwa mtu mzima. Siku ya nane akawa mtoto tena. Hakuna kilichobadilika kichwani mwake usiku huo. Na ukiweka hapo kando yule guka wa shamba la kahawa, aliyerudi kutoka Burma akakuta mlango wa sinema umeandikwa si wake, utaona ni mlango ule ule, umepakwa rangi mpya.

Lakini watoto je?

Hapa naomba tusidanganyane. Kuna watu wa rika letu wanaosema alama zote zifutwe, kila mtu ajiamulie. Hao labda hawajawahi kuishi bedsita ya Kimbo na wadogo wao watatu. Chumba ni kimoja, runinga ni moja, mathee ametoka kazini saa mbili usiku amechoka. Kinachowashwa kinaonwa na kila mtu, kuanzia wewe hadi yule wa nasari. Kwa nyumba kama hiyo, ule utaratibu wa runinga zetu kwamba kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku kuwe na vipindi vya familia si udikteta. Ni msaada.

Au panda mathree ya Thika jioni. Umebanwa kati ya dirisha na gunia la mtu, skrini iko mbele, spika ziko chini ya kiti, na kinachochezwa huwezi kukionyesha mamako. Kando yako kuna mtoto wa miaka sita ametoka shule. Huyo mtoto hajachagua, na mamake hana rimoti. Mahali kama hapo, ambapo mtazamaji hana njia ya kutoka, natetea bodi bila aibu. Wakague, watoze faini, sina shida.

Tofauti ni hii, na ndiyo ningependa ubebe: alama inakupa habari, marufuku inakunyima uamuzi. Alama inasema "ndani kuna damu, kuna matusi, huyu mtoto bado." Marufuku inasema "hata wewe bado, na hatujui utakua lini." Ya kwanza inamlinda mtoto. Ya pili, nimetafuta kwenye miaka hii yote zaidi ya mia, na kila mara nimekuta nyuma yake kuna mtu mwenye cheo anayeogopa kitu: mgomo, busu, mzungu kuanguka, wakulima wa Limuru kujitazama.

Na simu zimemaliza mchezo. Netflix ilipofika huku Januari 2016, mkuu wa KFCB wa wakati huo, Ezekiel Mutua, aliiona kama hatari kwa maadili na hata kwa usalama wa nchi. Ni miaka imepita, nchi bado ipo. Lakini mtoto wa Section 9 mwenye bando la shilingi 20 ana sinema nzima mfukoni, na pale hakuna mkaguzi wa kumwambia rudi nyumbani. Bodi ikitumia nguvu zake kupigana na watu wazima, nani anabaki kumfundisha mzazi jinsi ya kuweka kizuizi cha watoto kwenye simu? Nani anamweleza kwa Kiswahili, au kwa Gĩkũyũ, kwamba 16 ya hii muvi ni ya vita na 16 ya ile ni ya mapenzi? Hiyo kazi haina kamera za habari, lakini ndiyo kazi.

Kwa hivyo ukiona alama kabla muvi ianze, usiipuuze na usiiabudu. Uliza maswali mawili. La kwanza, imewekwa kwa sababu gani: damu, matusi, mapenzi au siasa? La pili, nani ndiye anayelindwa hapa: ni mdogo wako, au ni mtu mwenye kiti kikubwa? Jibu likiwa ni mdogo wako, badilisha chaneli bila kubishana. Jibu likiwa ni mwenye kiti, kumbuka una kitambulisho. Kilitolewa na serikali hiyo hiyo, na kinasema wewe ni mtu mzima.